Uzito wa Kichwa cha Risasi na Kanieneo Ndani ya Bunduki

Katika nchi kadhaa za ulimwengu, na hasa Marekani, wako wawindaji na walenga shabaha wengi ambao hawanunui risasi zilizokwisha kujazwa viwandani. Hukusanya maganda yaliyokwisha kutumika, huyasafisha, huyarudishia umbo lake, kisha hutia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Aghalabu mtu wa namna hii hutamani kutumia kichwa kizito kuliko kile alichokizoea, kwa kuwa amesikia kwamba kichwa kizito hufika mbali na hupenya sana. Matumaini hayo yana msingi wa kweli. Lakini yule anayebadilisha kichwa peke yake, akakiacha kipimo cha baruti kama kilivyokuwa, aweza kupoteza bunduki yake, na pamoja nayo jicho au vidole vya mkono.

Hapa Afrika Mashariki silaha na risasi husimamiwa na sheria kali za leseni, na kazi hii si ya kufanywa na kila mtu. Hata hivyo, kanuni za fizikia zinazohusika ni za wote, na yafaa zieleweke.

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Ya pili ni fataki, iliyo kwenye kitako cha ganda, ambayo hulipuka ikigongwa. Ya tatu ni baruti. Ya nne ni kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, ambacho mara nyingi huwa na kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba. Katika maelezo yafuatayo, neno "kichwa" litatumika kwa kipande hicho tu.

Msomaji na achukue mfano wa risasi ya Marekani iitwayo .30-06, ambayo ilianza kutumiwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1906. Kipenyo cha kichwa chake ni milimeta 7.82. Kichwa cha kwanza kilikuwa na uzito wa greni 150, yaani gramu 9.7. Wawindaji wa leo huweza pia kupata kichwa cha greni 220, yaani gramu 14.3. Vyote viwili vina unene ule ule, na kwa hiyo kile kizito hapana budi kiwe kirefu zaidi. Matatizo yote yatakayoelezwa hapa yanatokana na mambo hayo mawili: uzito na urefu.

Jambo la kwanza ni kanieneo. Baruti ya bunduki haitakiwi kulipuka kwa mkupuo mmoja. Huungua kwa haraka sana na kutoa gesi yenye joto kali. Gesi hiyo husukuma kichwa mtutuni kwa muda unaokaribia sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Mwanakemia Mfaransa Paul Vieille, aliyevumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, alionyesha pia kwamba kasi ya kuungua kwa baruti hiyo huongezeka kadiri kanieneo inavyoongezeka. Hapo ndipo penye hatari. Kichwa chepesi huanza kwenda mapema, na nafasi ya gesi nyuma yake hupanuka upesi. Kichwa kizito hukawia kuanza mwendo. Kinapokawia, gesi hubanwa. Gesi ikibanwa, kanieneo hupanda. Kanieneo ikipanda, baruti huungua kwa kasi zaidi na kutoa gesi nyingi zaidi kabla nafasi haijapatikana. Chanzo huzaa tokeo, na tokeo hurudi kukuza chanzo.

Urefu nao huongeza ubaya. Risasi nzima haiwezi kuzidi kipimo fulani, kwa kuwa hapana budi iingie katika kasha la risasi na katika chemba ya bunduki. Basi kichwa kirefu hushindiliwa ndani zaidi ya ganda, na kupunguza nafasi iliyokuwa ya baruti. Nafasi ikipungua, kanieneo huzidi.

Wakadiriaji wa Marekani wameweka kikomo cha kanieneo ya risasi hii kuwa ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la motokaa ndogo hujazwa upepo wa ratili zipatazo 30 kwa kipimo hicho hicho. Kwa hiyo chemba ya bunduki, hata katika hali ya kawaida, huweza kuvumilia kanieneo iliyo mara 2,000 ya ile ya gurudumu, na uso wa mlengaji uko sentimeta chache tu nyuma yake. Ganda likipasuka kitakoni, gesi hiyo hurudi nyuma kuelekea machoni.

Kwa sababu hiyo, anayetumia kichwa kizito hupunguza kipimo cha baruti, na mara nyingi huchagua pia aina ya baruti inayoungua polepole, ili kanieneo isipande ghafla bali isukume kwa muda mrefu zaidi.

Jambo la pili ni mwendokasi na nishati. Kichwa cha gramu 9.7 huweza kutoka mtutuni kwa mwendokasi wa meta 885 kwa sekunde. Kile cha gramu 14.3, kwa kanieneo isiyozidi kikomo, hutoka kwa meta 730 hivi. Ukikokotoa nishati ya mwendo, utaona kwamba vyote viwili vina joule zipatazo 3,800. Hili si ajabu, kwa kuwa bunduki ni injini ya joto, na kiasi cha kazi inayoweza kufanya kimewekewa mpaka na uimara wa chuma chake. Kilichobadilika ni zao la uzito na mwendokasi, ambalo limepanda kutoka kilo-meta 8.6 kwa sekunde hadi 10.4. Bega la mlengaji hulitambua badiliko hilo mara moja, kwa maana bunduki hurudi nyuma kwa kiasi kile kile ambacho kichwa na gesi vimesukumwa mbele.

Faida yenyewe basi iko wapi? Iko hewani na katika kupenya. Kichwa chepesi kilichotajwa kina gramu zipatazo 20 kwa kila sentimeta ya mraba ya uso wake wa mbele. Kile kizito kina gramu zipatazo 30. Hewa huzuia uso, lakini uzito ndio unaodumisha mwendo. Kama maumbo yao ni sawa, chenye gramu nyingi nyuma ya kila sentimeta hupungukiwa na mwendo polepole zaidi. Jeshi la Marekani lilijifunza jambo hili katika Vita Kuu ya Kwanza, ilipoonekana kwamba kichwa cha greni 150 kilikomea karibu kilometa 3 tu. Mwaka 1926 lilianza kutumia kichwa kizito zaidi chenye kitako kilichochongoka, ambacho kilifika karibu kilometa 5. Umbo lilisaidia, na uzito pia ulisaidia.

Kuhusu kupenya, historia ya Afrika Mashariki yenyewe ina mfano. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda ndovu katika nchi ya Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimeta 7. Kichwa chake kilikuwa cha gramu 11.2 tu, lakini kilikuwa kirefu, chembamba na kigumu, chenye gramu kama 27 kwa kila sentimeta ya mraba. Nacho kilipenya mfupa wa fuvu bila kupinda. Bell alikuwa amechunguza kwa makini mahali ulipo ubongo wa mnyama huyo. Uzito wa kichwa peke yake usingemfaa kitu bila ujuzi huo, na mauaji ya kiasi hicho ni jambo ambalo wanyama wa leo wasingeweza kulistahimili.

Jambo la tatu ni mzunguko. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyopinda mfano wa parafujo, ambayo hukizungusha kichwa kama pia ili kisipinduke hewani. Mwaka 1879 Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni rahisi: gawa 150 kwa urefu wa kichwa uliopimwa kwa vipenyo vyake, nawe utapata idadi ya vipenyo ambavyo mfuo unapaswa kutumia kukamilisha mzunguko mmoja. Kichwa kirefu basi huhitaji mfuo unaopinda kwa ukali zaidi. Bunduki ya M16 ya awali, iliyotumia kichwa cha gramu 3.6, ilikuwa na mzunguko mmoja katika milimeta 305. Kilipokuja kichwa kirefu cha gramu 4.0 katika miaka ya 1980, mtutu mpya ulipewa mzunguko mmoja katika milimeta 178. Kichwa kirefu kikirushwa na mtutu usiokifaa huyumba, na huweza kuipiga shabaha kwa ubavu au kuikosa kabisa. Kwa mwindaji, maana yake ni mnyama aliyejeruhiwa ambaye hatapatikana.

Ni dhahiri basi kwamba kipimo kimoja hakibadilishwi peke yake. Ndiyo maana watengenezaji wa baruti huchapa majedwali yanayotaja kichwa, aina ya baruti na kipimo chake, nao hushauri kuanza chini ya kiwango cha juu kwa sehemu moja katika kumi na kupanda kidogo kidogo. Fataki ikionekana imebanwa ikawa bapa, au komeo la bunduki likiwa gumu kufunguka, hizo ni dalili kwamba kanieneo imekaribia au imepita mpaka, na kazi yapasa kusimamishwa papo hapo. Asiye na jedwali la kichwa alichonacho mkononi hana ruhusa ya kukisia, kwa kuwa chuma hakitatoa onyo la pili.