Kibali na Taarifa: Maneno Mawili katika Historia ya Haki

Tofauti kati ya kibali na taarifa si ya msamiati tu. Kibali huombwa, nacho chaweza kunyimwa. Taarifa hutolewa, na mpewaji hana ila kuipokea. Tanzania iliporejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, chama kilichotaka kufanya mkutano wa hadhara kilihitaji kibali. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sharti hilo lilikiuka Katiba. Sheria ikarekebishwa, taarifa ikachukua nafasi ya kibali.

Hata hivyo, neno lilitangulia, utendaji ukabaki nyuma. Kuanzia 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Tarehe 16 Februari 2018, mkesha wa uchaguzi mdogo wa Kinondoni, polisi walipowatawanya wafuasi wa upinzani waliodai hati za mawakala wao, risasi ilimuua mwanafunzi aliyekuwa abiria ndani ya daladala.

Neno haki hubeba dhana mbili: stahili ya mtu na uadilifu wa mwenye mamlaka. Ya pili ikikosekana, ya kwanza hugeuka kuwa hisani.