Ulimi wa Mwalimu wa Mpira

Hapa Wenje, kati ya Hola na Garsen, Jumamosi jioni jua likianza kupoa, wakulima huacha migomba yao ya kando ya Mto Tana wakaja uwanjani kutazama mpira wa miguu. Wachungaji nao huja, fimbo mabegani. Mimi ni karani wa serikali kwa kazi, na kwa kupenda kwangu ni karani wa timu ya vijana: ndimi niandikaye majina ya wachezaji, nitunzaye jezi, na nihesabuye fedha za nauli, ambazo hazichukui muda mrefu kuhesabika. Kwa hiyo mahali pangu ni ukingoni mwa uwanja, karibu na kocha, na haya niyasimuliayo niliyasikia vizuri kuliko nilivyopenda.

Siku hiyo tulikuwa tukicheza na timu ya vijiji vya chini ya mto, nasi tukiongoza kwa bao moja. Tangu mwanzo kocha wetu hakunyamaza. "Toka! Rudi! Piga! Usipige!" Nilikwisha kuona ya kuwa kila kijana aupataye mpira hutazama kwanza ukingoni, ndipo amtafute mwenzake aliye wazi, na kwa wakati huo mwenzake hayuko wazi tena. Zikiwa zimebaki dakika chache, golikipa wetu, kijana wa miaka 16, mtoto wa wafugaji, aliutokea mpira wa juu, ukamponyoka, ukaingia golini. Kocha alivuka mstari, akamtoa, akamwamuru avue jezi mbele ya watu wote, kisha akamwambia kwa sauti iliyofika upande wa pili: "Rudi kwa ng'ombe wenu! Mpira si kazi ya watu kama ninyi."

Watu wengine walicheka. Upande walikosimama wachungaji hakucheka mtu. Nami, niliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake, niliinamisha kichwa nikaandika jina la golikipa wa akiba.

Msomaji wa mbali huenda akaona kwamba lile lilikuwa neno la hasira tu. Sisi wa mto huu hatuwezi kuliona hivyo. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, huko Tana Delta, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na nyumba zikateketezwa. Katika timu yetu watoto wa pande zote mbili huvaa jezi ya rangi moja na kunywa maji ya dumu moja, na baba zao husimama kwenye mstari mmoja kuwatazama. Mahali pa namna hiyo si pengi.

Nilipomkabili kocha baadaye, alinijibu, "Karani, hata Ferguson alimpiga Beckham kwa kiatu." Ni kweli kwamba Februari 2003, Manchester United iliposhindwa na Arsenal, Alex Ferguson alipiga kiatu teke, kikamjeruhi David Beckham juu ya jicho. Lakini jambo hilo lilitokea katika chumba cha kubadilishia nguo, mlango umefungwa. Mbele ya watu mzee yule alikuwa na desturi ya kuwatetea wachezaji wake. Tena Beckham alikuwa mtu mzima wa miaka 27, na hata hivyo kabla ya mwaka kwisha alikwisha kuhamia Real Madrid. Vijana wetu hawana Madrid ya kuhamia. Kocha wetu aliiga kiatu, hakuiga mlango.

Sheria za mpira nazo zimebadilika. Tangu mwaka 2019 mwamuzi ana ruhusa ya kumwonyesha kocha kadi ya manjano au nyekundu kama amwonyeshavyo mchezaji, na mtu wa benchi akikosa asijulikane ni nani, kadi humwangukia kocha mkuu. Wakubwa pia hawakusamehewa: mwaka 2014 Shirikisho la Mpira la Afrika lilimfungia mwaka mmoja Adel Amrouche, aliyekuwa kocha wa Harambee Stars, kwa shtaka la kumtemea mate ofisa wa mchezo. Matusi yamo katika makosa ya kadi nyekundu. Lakini mwamuzi wa kijijini, atakayerudi kwao kwa pikipiki ya kocha yule yule, atamtolea kadi kwa neno alilomwambia mchezaji wake mwenyewe? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza mtu yeyote kuadhibiwa kwa kudhalilishwa. Sijaona mahali iliposema isipokuwa uwanjani.

Wiki tatu kijana hakuja mazoezini. Nikaenda kumtafuta, nikamkuta akinywesha ndama mtoni. Alinisalimu kwa adabu, akasema, "Bwana Karani, sikukasirika kwa kutolewa. Mpira niliukosa kweli. Lakini siku ile baba alikuwa amekuja kunitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza."

Nilimpelekea kocha maneno hayo kama nilivyoyapokea, bila kuongeza langu. Yeye si mtu mbaya. Mpira tunaochezea aliununua kwa fedha zake. Alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake alionekana akielekea kwa wafugaji, akakaa na yule mzee hadi chai ikaisha. Waliyosemezana siyajui.

Jumamosi iliyopita tulifungwa mabao mawili kwa bila. Golikipa alikuwa kijana yule, na la pili lilikuwa kosa lake. Mzee alisimama nyuma ya goli na fimbo yake. Kocha aliinuka kwenye benchi, akafungua kinywa, akatazama kule goli liliko, akaketi.