Jina la Daraja na Uhalisia wa Huduma: Malazi ya Nauli ya Chini katika Meli za Atlantiki, 1900–1925

1.0 Utangulizi
Mwanzoni mwa karne ya 20, wahamiaji wengi kutoka Ulaya kwenda Marekani walisafiri kwa nauli ya chini kabisa, katika sitaha za chini za meli kubwa za abiria. Kwa Kiingereza, malazi hayo yaliitwa kwa neno lililotokana na usukani, kwa kuwa hapo awali abiria maskini waliwekwa karibu na mitambo yake. Makala hii inafafanua malazi hayo na kuonesha kuwa jina hilo moja lilifunika huduma mbili zisizolingana.

2.0 Aina mbili za malazi
Chanzo kikuu kuhusu suala hili ni Tume ya Dillingham, iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1907 na kukamilisha ripoti zake mwaka 1911. Baadhi ya wachunguzi wake walisafiri wakijifanya wahamiaji. Ripoti yao ilitofautisha aina ya zamani na aina mpya.

Katika aina ya zamani, abiria walilala katika kumbi za pamoja. Ukumbi mmoja uliweza kuchukua watu 300 au zaidi. Vitanda vya chuma vilipangwa kimoja juu ya kingine. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa futi 6, upana wa futi 2, na nafasi ya futi 2 na nusu juu yake. Godoro lilijazwa majani makavu au mwani. Juu ya kitanda hichohicho abiria alihifadhi mizigo, nguo na vyombo vya chakula.

Aina mpya ilikuwa na vyumba vya watu wachache, ukumbi wa kulia wenye meza, na wahudumu. Meli za Olympic (1911) na Titanic (1912) zilikuwa na daraja la tatu la aina hii.

3.0 Sheria na soko
Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilimtengea kila abiria futi za ujazo 100, au 120 katika sitaha ya chini zaidi. Aidha, ilitaka kuwepo meza na viti vya kulia. Hata hivyo, tume ilikuta meli ambamo abiria walilia vitandani au sitahani. Aina mpya ilienea hasa katika njia za Ulaya ya Kaskazini, ambako ushindani wa makampuni ulikuwa mkali. Abiria wa kusini na mashariki waliendelea kupata ile ya zamani.

Sheria za mwaka 1921 na 1924 zilipopunguza wahamiaji, makampuni yalikarabati nafasi hizo na kuziuza kwa watalii, wakiwemo wanafunzi na walimu, chini ya jina jipya la daraja la tatu la kitalii. Mteja alipobadilika, jina nalo lilibadilika.

4.0 Hitimisho
Istilahi ya Kiswahili "daraja la tatu" nayo haitofautishi ukumbi wa pamoja na chumba. Kwa hiyo, mfasiri wa nyaraka za kipindi hicho hana budi kubainisha aina inayokusudiwa. Kwa watunga sera, funzo ni kwamba kanuni za usafiri zieleze huduma yenyewe kwa vipimo, na ukaguzi ufanyike safarini, si bandarini pekee.