Kweli au si kweli: mtoto asiyetulia

"Dawa ya huyu ni fimbo." Si kweli, na kauli hii inaniuma kuliko zote, kwa kuwa hapa Gwarama, mkoani Kigoma, kama ilivyo Kibondo na Kasulu, anayeitamka huwa anampenda mtoto. Mtoto mwenye hali ya upungufu wa umakini na utundu uliopindukia ukimtuma maji utamkuta njiani anakimbiza panzi, ndoo ameisahau. Hakukudharau. Ubongo wake unapata shida kujizuia na kushika agizo hadi mwisho. Fimbo itamfundisha woga, kukumbuka hataweza.

"Mama yake kamdekeza." Si kweli. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia hali hii kwa takriban asilimia 74. Sukari nayo tusiisingizie: ilijaribiwa Marekani, matokeo yakachapishwa 1994, tabia za watoto hazikubadilika.

"Malaria inaweza kuacha alama." Kweli. Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2008 uliwapima watoto miaka miwili baada ya malaria kuwapanda kichwani. Takriban mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu wa kiakili, umakini ukiwemo. Kigoma yetu yenye malaria nyingi isipuuze hilo. Muuguzi aelezwe historia ya degedege, na masikio na macho yapimwe, kabla mtoto hajaitwa mtukutu.

"Kama mzazi hakusababisha, hana la kufanya." Si kweli hata kidogo. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Sheila Eyberg, alianzisha tiba ya mzazi na mtoto kwa watoto wadogo wenye tabia ngumu. Kila siku, kwa dakika tano, mtoto huchagua mchezo na mzazi humfuata. Akijenga nyumba ya udongo, mama husema anachokiona: "Unaweka mlango." Hamhoji, hamwamuru, hamkosoi. Husifu jambo lenyewe: "Umenisubiri vizuri, baba." Uhusiano ukishatengemaa, mzazi hujifunza kuamuru: agizo moja, fupi, "Baba, lete jembe," kisha husubiri. Kwenye vikao vya tiba mtaalamu yupo, anamwelekeza papo hapo; zile dakika tano za kila siku mzazi huzifanya mwenyewe nyumbani.

"Semina ya malezi inatosha." Si kweli. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, walimu walipitia vikao vya vikundi vya kuacha ukatili darasani. Matokeo yaliyochapishwa 2021 hayakuonyesha kuwa vipigo vilipungua. Hao ni walimu, si wazazi, lakini tafiti za malezi nazo zinaonyesha kuwa mafunzo hufaa zaidi mzazi anapofanya mazoezi na mtoto wake mwenyewe, mbele ya mkufunzi.

"Tiba ya mzazi na mtoto itamponya kabisa." Hapana. Inachopunguza hasa ni ukaidi na ugomvi wa nyumbani. Usahaulifu unaweza kubaki, na wapo watakaohitaji dawa kwa uangalizi wa mtaalamu. Ila kwa wa miaka minne au mitano, hata madaktari wa watoto wa Marekani, wenye dawa tele, hushauri kuanza na mafunzo ya mzazi. Zile dakika tano za mchezo zinaweza kuanza jioni hii, kabla ya nauli ya kwenda hospitali ya Maweni kupatikana.