Rangi ya Ukuta Yataka Shauri la Jirani

Mgeni aendaye Kayole kwa matatu huiona sanaa ya Eastlands kabla hajashuka. Magari yale yamechorwa ubavu kwa ubavu nyuso za wanamuziki na wanasoka, kwa ustadi usiokanika. Lakini matatu hupita. Ukuta hukaa palepale, na mama mwenye dirisha mkabala nao ndiye atakayeutazama kila alfajiri. Ndiyo maana picha ya ukutani yataka ridhaa ya jirani.

Mtaa wa Dandora, ulio karibu na Kayole, watupa mfano. Ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kiasi cha 6,000, na nyumba nyingi zikizunguka nyua za pamoja. Kwa kuwa zilikuwa za wote, nyua hizo zikawa hazina mwenyewe, zikajaa taka. Katika miaka ya 2010 vijana wa Dandora Transformation League wakaanzisha mashindano ya nyua. Kazi haikuanza na brashi. Walizoa taka, wakazibua mitaro, wakapanda miti na majani, ndipo zikaja rangi. Na majirani wakatoa mchango mdogo ili vijana wale wapate cha kuendelezea utunzaji. Ukuta uliochorwa na mwana wa jirani hauchafuliwi upesi.

Lipo na jambo lililotugusa sisi hasa. Mwaka 2015, miaka miwili baada ya shambulio la Westgate, na mwaka uleule wa msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa, majirani wengi jijini Nairobi walikuwa wakitazamana kwa hofu. Hapo Bi Nabila Alibhai na msanii Yazmany Arboleda wakawaalika Waislamu na Wakristo kupaka nyumba zao za ibada rangi moja ya manjano, katika mradi ulioitwa Colour in Faith. Msikiti haupakwi rangi bila imamu na jamaa zake kuridhia. Mazungumzo hayo, kwa maoni yangu, yalikuwa na thamani kuliko rangi yenyewe.

Iko hoja ambayo familia zetu huinong'ona tu. Wako wasiopenda sura ya mwanadamu ichorwe, ukubwa wa nyumba, mbele ya mlango wao. Basi na waseme mapema, kabla rangi haijanunuliwa. Nakshi kama zile za milango ya Lamu zaweza kuupamba ukuta wa Kayole na kila mtu akaridhika. Mchoraji ambaye hakuambiwa hana kosa.

Kisha kuna kodi ya nyumba. Kayole-Soweto ilipata barabara, mitaro na taa kupitia mpango wa serikali wa kuboresha makazi, na mwanamke arudiye baada ya Magharibi hahitaji kuelezwa faida ya taa. Lakini mtaa ukipendeza, kodi nayo hupanda, na mpangaji asiyeiweza huhama. Wapangaji ndio wengi Eastlands. Mikutanoni mara nyingi husikilizwa kwanza wenye viwanja.

Kwa hiyo mama mpangaji na aulize mawili: kodi itakaa muda gani bila kuguswa, na nani atanunua rangi nyingine mvua ya masika ikiifuta hii? Mkutano nao uwekwe saa ambayo ametoka sokoni na hajaingia jikoni. Ukiwekwa saa kumi na mbili jioni, watakaohudhuria ni wanaume.