Je, Wajua? Nyutroni Huzaliwa Parklands

Je, wajua kwamba Nairobi huzalisha nyutroni kwa protoni? Tangu 2018, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands, ina saiklotroni, mashine ya kuzipa protoni kasi. Protoni hugonga maji yenye oksijeni-18. Oksijeni hugeuka florini-18, ya kuonyesha saratani kwenye picha, na kila kiini kinachogeuka hutema nyutroni moja. Nusu ya florini hiyo hutoweka kwa dakika 110!

Mtu atasema nyutroni moja haiwashi taa. Kweli. Lakini protoni ya elektronivolti bilioni 1 ikigonga bonge la madini ya risasi hutoa takribani nyutroni 20. Hizo zaweza kuendesha kinu cha nyuklia ambacho mnyororo wake wa kupasuka kwa viini hukatika protoni zikikatwa, ingawa joto la mabaki hubaki.

Usanifu wa kinu hicho huanzia kwenye kompyuta. Humo, kila mgongano wa kuigizwa huamuliwa kwa nambari za kubahatisha, mbinu iitwayo Monte Carlo. Kubahatisha si sayansi? Ni sayansi, kwa sababu kosa lake hupimika: ongeza protoni za kuigizwa mara 100, kosa hupungua mara 10. Kwa kuwa kazi huanzia kwenye kompyuta, naamini mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuianza leo.