Gari la Kuvuta Trela: Lichague kwa Mteremko, Si kwa Mlima

Wahenga walinena kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka huu methali hiyo imebisha hodi nyumbani kwetu, kwani imetubidi kutafuta gari jingine la kuchukua nafasi ya pikapu yetu kongwe, Peugeot 504 ya dizeli, ambayo kazi yake ni kuvuta trela la maji. Baba alinikabidhi daftari akasema, "Wewe ndiye mwanafizikia wa nyumba hii. Andika kila kitu tutakachoambiwa, halafu utuambie kipi cha kweli." Makala haya yametoka katika daftari hilo. Najua wengi wenu mnatoka katika nyumba zenye trela la maji, la maziwa, la mahindi au la mifugo, na siku si nyingi mtaulizwa ushauri.

Sisi hukaa upande wa Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi. Maji huchotwa kisimani upande wa Kiserian, yakapitishwa Corner Baridi, kisha yakateremshwa Bonde la Ufa hadi kwetu. Mengine tunatumia, mengine tunauzia majirani. Karo yangu na ya dada yangu mdogo hutoka katika tangi hilo. Hivyo basi gari likilala siku mbili, nyumba nzima hujua.

HESHIMA YA GARI KONGWE

Kabla ya kusema lolote, ni haki kumpa mzee heshima yake. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa huku kwetu, mjini Mombasa. Katika mashindano ya Safari Rally, Ove Andersson alishinda akiendesha 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya aina ya coupé mwaka 1978. Pikapu zake zilibeba kabeji, ng'ombe, abiria na majeneza, na hazikuchagua barabara.

Lakini umri ni umri. Fremu ya nyuma, hasa pale kulabu ya trela ilipofungiwa, imeliwa na kutu. Fundi wetu wa jua kali aligonga pale kwa nyundo, akatikisa kichwa: "Mzee, naweza kuchomelea, lakini chuma kilicholiwa hakishiki weldi." Spea nazo sasa tunazitoa katika magari yaliyokufa.

Tena mzigo umeongezeka. Zamani tangi letu lilikuwa la lita 500. Ukame na wingi wa majirani umetulazimu kununua tangi la lita 1,000.

KWA NINI DIZELI?

Katika injini ya petroli, cheche ya plagi ndiyo huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Katika dizeli hakuna cheche. Hewa hubanwa mpaka ibaki sehemu moja ya 16 hivi, au hata ya 20, ya ujazo wake wa kwanza. Ikibanwa hivyo joto lake hupita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa ndani na nozo huwaka yenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeunda injini ya namna hii katika miaka ya 1890, na jina lake likabaki katika mafuta hayo.

Faida yake kwa mvutaji wa trela ni mbili. Kwanza, hula mafuta kidogo kwa kazi ile ile. Pili, nguvu yake ya kuzungusha magurudumu huja mapema. Injini nyingi za dizeli zenye turbo hutoa nguvu hiyo kwa ukamilifu zikiwa na mizunguko kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika. Petroli isiyo na turbo hulazimika kupiga kelele kwanza ndipo iamke. Dizeli ni kama maksai wa plau: hana mbio, lakini akiinamisha kichwa, udongo hufuata.

HESABU YA UZITO

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 500 ni kilo 500, na trela letu la zamani na tangi lake tupu lilikuwa kama kilo 250. Jumla ni kilo 750. Tangi jipya lina kilo 1,000 za maji, na trela lake lenye fremu nzito ni kilo 400. Jumla ni kilo 1,400. Pikapu ya 504 ikiwa tupu haifiki uzito huo. Ni kumfunga mtoto kamba na kumwambia amshike fahali.

Vitabu vya pikapu nyingi za siku hizi huandika vikomo viwili vya kukokota. Kwa trela lisilo na breki zake lenyewe, kikomo aghalabu ni kilo 750. Kwa trela lenye breki, kikomo hupanda hadi tani mbili au zaidi. Kanuni nzuri ya mvutaji asiye na uzoefu mkubwa ni kwamba trela lililojaa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Pikapu ya kebini moja yenye kilo 1,500 ingepata trela la asilimia 93. Ile ya kebini mbili, yenye kilo 1,800 hivi, ingepata asilimia 78. Hapo daftari langu lilikwisha kufuta nusu ya magari yaliyokuwa yakiuzwa, hata kabla hatujafungua boneti.

Tena uzito ulioegemea kulabu uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa trela. Ukiwa mdogo mno, trela hutingisha mkia kama mbwa, na dereva hupoteza usukani. Na tangi la maji lijazwe kabisa au liwe tupu, kwani maji nusu hukimbia mbele na nyuma kila ukikanyaga breki. Kama ni lazima liwe nusu, liwe na vizuizi ndani.

MTEREMKO NDIO MTIHANI

Sasa nifike kwenye kiini cha makala haya. Katika kila yadi ya magari tuliyoingia, wauzaji walizungumza habari ya kupanda mlima. Broka mmoja alipiga boneti kofi akasema, "Mzee, hii ni ng'ombe! Itavuta hata nyumba!" Baba akamjibu taratibu, "Kijana, sikuulizi kama itavuta. Nakuuliza kama itasimama."

Ebu fikiria njia yetu. Tangi hujazwa juu, na huteremka likiwa limejaa. Linapopanda kurudi Kiserian huwa tupu. Mlima, basi, si adui yetu. Adui yetu ni mteremko.

Tufanye hesabu ya Fizikia. Gari la kilo 1,800 na trela la kilo 1,400 ni kilo 3,200. Likishuka kimo cha mita 300, nishati inayopaswa kuondolewa ni 3,200 mara 10 mara 300, yaani jouli 9,600,000. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji jouli 336,000 hivi. Kwa hiyo joto lile latosha kuchemsha lita 28 na ushei! Dereva akiegemea breki peke yake, joto hilo karibu lote huingia katika diski na ngoma za magurudumu.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoleta maafa. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Ukikanyaga pedali inazama mpaka sakafuni, na gari linaendelea na safari yake. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari "halina shida".

Kuna jambo jingine ambalo wenye dizeli hawana budi kulijua. Injini ya petroli, ukiondoa mguu kwenye mafuta, hufungiwa hewa, na kule kuhangaika kuvuta pumzi husaidia kulishika gari. Dizeli kwa kawaida haifungiwi hewa namna hiyo, hivyo hulishika gari kwa udhaifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Malori huwekewa breki ya ekzosi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo mvutaji wa trela hutia gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, wala hangoji mpaka katikati, na trela lake huwa na breki zake lenyewe.

JINSI YA KULIKAGUA GARI KUUKUU

Haya ndiyo tuliyoyafanya kwa kila gari, kwa utaratibu huu:

1. Fika kabla injini haijawashwa. Dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa moto, lakini asubuhi ya baridi husema kweli. Gusa boneti kwanza. Ukikuta ni ya moto, jua umetanguliwa.

2. Tazama moshi. Mweusi mwingi ni mafuta kuzidi au hewa kupungua, pengine turbo au nozo. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia ndani.

3. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma. Mvuke mdogo si neno. Ukipuliza kwa nguvu kama sufuria ya githeri, ringi zimelika.

4. Radieta ifunguliwe ikiwa baridi tu. Maji yenye mafuta juu yake ni dalili mbaya.

5. Jaribu klachi, kwani ndiyo huumia kwanza kwa kuvuta. Vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, achia klachi polepole huku ukiongeza mafuta kidogo. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza.

6. Lala chini. Tazama fremu pale kulabu inapofungiwa: kutu, ufa, weldi mpya, rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu.

7. Uliza habari ya kichujio cha masizi. Magari mengi mapya ya dizeli huwa nacho, na huhitaji safari ndefu zenye joto ili kijisafishe. Gari la safari fupi fupi hukiziba. Mwaka 2015 dizeli ya Kenya ilipunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo linalosaidia, lakini halimponyi mwenye kwenda dukani na kurudi.

8. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi peke yake. Mpira wa pedali uliolika na usukani uliong'ara haviendani na gari "lililotembea kidogo".

9. Linganisha nambari ya chasisi na ya kitabu cha gari, kisha tafuta rekodi zake NTSA, ili usinunue gari lenye deni la mtu. Na trela usilisahau: nalo husajiliwa, likapewa nambari yake inayoanza na herufi Z.

Kwa anayetaka kuagiza nje, akumbuke kwamba sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia.

UAMUZI WETU

Tulikagua magari matano. La kwanza lilitoa moshi wa buluu. La pili klachi iliteleza. La tatu lilikuwa na weldi mpya chini ya rangi. La nne lilikuwa zuri sana, gari kubwa la kifahari, lakini bei yake ingekula na trela na breki zake. La tano lilikuwa Isuzu D-Max ya kebini mbili, ya gia za mkono, iliyotumika humu humu nchini na mtu mwenye kutunza risiti zake zote za gereji. Ina mikwaruzo ubavuni na kiti cha dereva kimepasuka. Dada yangu aliitazama akasema, "Baba, hii si ya kupigia picha." Baba akacheka, akailipia.

Pesa tulizookoa kwa kuuacha urembo zilinunua ekseli yenye breki kwa trela, mafuta mapya ya DOT 4, na tairi nne. Ile 504 haikuuzwa. Hubeba nyasi za ng'ombe shambani, ila kulabu yake imekatwa ili mtu asije akashawishika.

Wapenzi wasomaji, anayeuza gari atawasifia nguvu, kwa maana nguvu husikika kwa sikio na hupendeza. Breki hazina kelele. Mkienda kununua, ulizeni mzigo utakuwa na uzito gani, utateremka wapi, na nini kitaushika. Mama huwa hafungi mlango wa jikoni mpaka asikie trela likigeuka langoni, na sijui muuzaji gani aliwahi kumhesabu mama katika bei.